Je, Kuonyesha Kunatosha? Funzo la Sanduku la Mawingu Pundanhar

“Mwanangu, umenizimia taa.”

Maneno hayo niliambiwa na jirani yetu wa Pundanhar, mama ambaye vijana wote wa upande wetu wa kijiji humwita shangazi. Hakuyasema kwa hasira. Ilikuwa yapata saa mbili usiku, ameketi nyuma ya karai lake la mihogo ya kukaanga. Saa kama hiyo watu huwa wamemzunguka, huyu anadai chenji, yule anaomba pilipili ya ziada. Usiku ule sinia lilikuwa limejaa na hapakuwa na mtu. Karabai yake ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Hata hivyo nilimwelewa. Maana ya maneno yake ndiyo iliyonifanya niandike insha hii.

Swali langu ni hili: mtu akiwaonyesha wenzake kitu ambacho macho hayakioni, na alichowaonyesha kikawa kweli, je, amemaliza wajibu wake? Kabla ya safari yangu ya nyumbani ningejibu bila kusita kwamba amemaliza. Ukweli ni ukweli. Kazi ya msomi ni kuutoa gizani, na watu wakiuogopa, hilo ni shauri lao. Leo sijibu hivyo tena, nami nitajaribu kueleza kwa nini.

Pundanhar ni kijiji katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, si mbali na Mto Ruvuma. Kwetu Kimakonde ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na msikitini, Kireno ni cha shuleni na ofisini. Mwaka 2021, mwaka ambao mji wa Palma ulishambuliwa tarehe 24 Machi, ukoo wetu ulikuwa miongoni mwa zilizotawanyika. Baadaye wengi walirudi. Mimi nilipata bahati ya kusoma ng’ambo ya mto, nchini Tanzania, na katika likizo ndefu ya mwaka 2024 nikarudi kuwasalimu wazee. Chini ya mkono nilikuwa na sanduku.

Sanduku hilo wanafizikia huliita chemba ya mawingu. Aliyebuni la kwanza alikuwa Mskoti, Charles Thomson Rees Wilson. Mwaka 1894 alikaa majuma machache katika kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis, akavutiwa na uzuri wa mawingu, akataka kuyatengeneza mwenyewe ndani ya chombo cha kioo. Alianza kwa kutafuta mawingu na akaishia kupata kitu kingine. Kufikia mwaka 1911 aliweza kuona na kupiga picha njia za chembe za mionzi, na mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina rahisi zaidi, inayofanya kazi mfululizo bila pampu, ilibuniwa miaka ya 1930 na Mmarekani Alexander Langsdorf. Ndiyo ambayo mwanafunzi asiye na fedha anaweza kuijaribu.

Ufundi wake hauna uchawi. Unachukua chombo cha kioo, unabandika ndani yake, upande wa juu, kitambaa kinene kilicholoweshwa spiriti kali ya isopropili isiyochanganywa maji. Chini unaweka bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, nalo lazima liwe baridi sana. Mvuke wa spiriti hushuka kutoka juu kwenye joto kwenda chini kwenye baridi. Karibu na bamba hewa hujikuta imebeba mvuke kuliko uwezo wake, ikitafuta kisingizio tu cha kuutua. Chembe ya mionzi inapopita huzing’oa elektroni kutoka kwenye atomi za hewa njiani mwake, na mvuke huzishika atomi hizo zilizojeruhiwa na kuwa matone madogo sana. Ukimulika tochi kutoka ubavuni unaona uzi mweupe wa ukungu, kama ule unaoachwa na ndege angani, nao hufutika baada ya sekunde moja au mbili.

Taabu ni hiyo baridi. Vitabu hutaja barafu kavu, yaani ile ya kabonidayoksaidi, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Mimi sikuwa na pa kuipata. Nilianza na barafu ya kawaida iliyochanganywa na chumvi, ambayo hufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri na kukomea hapo. Usiku mzima nilitazama bamba jeusi bila kuona kitu. Mwishowe nilitoa vibamba viwili vya Peltier kwenye friji ndogo za gari zilizoharibika. Vibamba hivi ukivipitishia umeme, upande mmoja hupoa na wa pili huchemka. Nilivipandanisha, nikavifungia betri ya sola ya volti 12, na upande wa moto nikaupoza kwa maji ya barafu ile ile wanayotumia wachuuzi wa samaki. Baridi ilifika kama nyuzi 30 chini ya sifuri. Uwanja wa kutazamia ulikuwa mdogo, sentimita 4 kwa 4 tu, lakini ulitosha. Nilipouona uzi wa kwanza nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Ndivyo nilivyofika nao Pundanhar. Jioni ya tatu watu walikusanyika uani kwa mjomba wangu, wakawa wanatazama wawili wawili kwa zamu, kwa kuwa uwanja ulikuwa mdogo. Mwanzoni kila kitu kilikuwa furaha. Kila baada ya sekunde chache uzi mwembamba ulikatiza, watoto wakihesabu. Niliwaeleza kwamba nyingi ya nyuzi ndefu zilizonyooka ni za chembe ziitwazo myuoni, ambazo huzaliwa juu angani pale miale itokayo anga za mbali inapogonga hewa. Usawa wa bahari hupita takriban myuoni moja katika kila sentimita ya mraba kwa dakika. Wazee walilipokea jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anavyopokea habari za mvua.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka kuwaonyesha kitu kikubwa zaidi. Nilijua kwamba vile vifuko vyeupe vya uzi vinavyowaka ndani ya karabai, hasa vile vya zamani, vilitiwa thoriamu ili vitoe mwanga mkali, na thoriamu ni madini yenye mionzi. Shangazi alikuwa na pakiti kadhaa za zamani alizoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa akivua dagaa kwa karabai pwani ya Palma. Nilimwomba kifuko kimoja, akanipa kwa moyo mweupe. Nilikata kipande cha ukubwa wa ukucha, nikakitia ndani ya sanduku.

Nyuzi zilichomoza kutoka kwenye kipande kile kila upande, nene, fupi, moja juu ya nyingine. Mtoto mmoja akasema, “Kinatema!” Watu wakacheka. Kisha kijana mmoja akauliza jina la kitu hicho, nami nikasema kwa fahari ya mwanafunzi, “Hii ndiyo mionzi.” Neno hilo walikwisha kulisikia redioni, pamoja na mabomu na saratani. Kicheko kikakatika. Kwa kuwa betri ilikuwa inaelekea kuisha, nilifunga sanduku, nikawaambia wasiwe na wasiwasi, tukalala.

Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kesho yake ilisemwa kwamba karabai ya shangazi inatema sumu. Keshokutwa ikasemwa kwamba mihogo yake haiivi kwa moto bali kwa mionzi. Siku ya tano nilikwenda kununua mihogo, nikakuta sinia limejaa, na nikaambiwa maneno niliyoyataja mwanzo.

Msomaji anaweza kusema kwamba kosa ni la watu wasiosoma, wala si la aliyeonyesha. Nami nilijaribu kujifariji hivyo kwa siku nzima. Kilichoniondolea faraja hiyo ni kumbukumbu ya jambo zito zaidi lililotokea nchini mwetu miezi michache kabla.

Tarehe 7 Aprili 2024, katika jimbo la Nampula, mashua ya uvuvi iliyojaza watu kupita kiasi ilizama ikielekea Kisiwa cha Msumbiji. Zaidi ya watu 90 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Maofisa wa serikali walieleza kwamba wengi wa abiria walikuwa wanakimbia kwa hofu iliyoenezwa na habari za uongo kuhusu kipindupindu. Haikuwa mara ya kwanza kwa hofu hiyo kuua. Kwa miaka mingi katika majimbo ya kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wa afya na viongozi wa vijiji wamepigwa, na baadhi wameuawa, wakidaiwa kuleta kipindupindu visimani. Walichokuwa wakipeleka ni klorini ya kusafishia maji. Kwa Kireno klorini ni “cloro” na kipindupindu ni “cólera”, maneno yanayokaribiana sana sikioni mwa mtu asiyeijua lugha hiyo vizuri.

Ni rahisi kusema watu hao walikuwa vipofu. Ukifikiri vizuri utaona kwamba macho yao yalikuwa yanaona. Waliona wageni wakija na unga, wakaona unga ukimiminwa kisimani, wakaona wagonjwa wakiongezeka siku zile zile. Yote hayo ni kweli, kwa sababu klorini hupelekwa mahali ambapo ugonjwa umekwisha kuingia. Walichokosea ni kuunganisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kama mtu anakuja kijijini kila mara mawingu yanapotanda, watakaokuwa hawamjui wanaweza kusema yeye ndiye mwenye mvua.

Na mimi je? Nilichokiona ndani ya sanduku langu hakikuwa chembe ya mionzi. Kilikuwa ukungu. Kutoka kwenye ukungu niliruka hadi kwenye kitu ambacho sijapata kukiona wala sitakiona. Mjomba, ambaye kila msimu hulala shambani kulinda mihogo, aliligundua hilo kabla yangu. Aliniuliza, “Mimi nikiona nyayo za tembo najua tembo kapita, kwa kuwa tembo nimewahi kumwona. Wewe huyu wako umewahi kumwona?” Nilimwambia hapana. “Na mwalimu wako?” Hapana. “Na huyo Mzungu wa mlimani?” Nikasema hapana, naye pia aliona nyayo tu. Mjomba hakucheka. Akasema, “Basi huna tofauti na hao wanaosema karabai ina sumu. Wao wameona moshi, nawe umeona moshi.”

Nadhani hili ndilo swali gumu kuliko yote katika mada hii, na vitabu vyangu havikunitayarisha kulijibu. Kama sote tunaona alama tu, kwa nini imani yangu iitwe elimu na ya jirani yangu iitwe uvumi?

Jibu nililolipata sikulitoa kichwani. Lilitokea usiku wa sita, nilipolipeleka sanduku kwenye kibaraza cha shangazi, betri ikiwa imejaa. Safari hii sikueleza kitu. Nilimwachia mjomba aseme nini kifanyike. Akaamuru kipande cha kifuko kifungwe kwa karatasi. Zile nyuzi nene zikatoweka. Akaamuru karatasi itolewe, zikarudi. Yule kijana aliyeuliza jina la mionzi akasema huenda mimi ninalichezea sanduku, basi nikasogea mbali, wakafunga na kufungua wenyewe. Wakaingiza kipande cha muhogo wa shangazi uliokaangwa mbele ya karabai, na hakuna nyuzi zilizoongezeka. Wakaingiza chumvi, mkaa, kokoto ya njiani. Mwisho mjomba akaagiza kila kitu kitolewe, akatazama uwanja mtupu kwa muda mrefu. Nyuzi nyembamba ziliendelea kupita kama kawaida. “Hizi hazina mwenyewe,” alisema. Nikamwambia aweke kiganja chake mezani, kisha nikamwambia kwamba katika kiganja kama hicho hupita zaidi ya 100 kwa dakika, tangu siku aliyozaliwa. Akakiangalia kiganja chake, akakigeuza, akakirudisha mfukoni.

Tofauti basi haiko kwenye jicho. Iko kwenye ruhusa ya kuingilia. Sanduku lilimruhusu mtu asiyeniamini aweke mkono wake, abadilishe kitu kimoja, na asubiri jibu ambalo mimi mwenye sanduku sikuwa na uwezo wa kulipinda. Muhogo ungeweza kunigeuka mbele ya watu wote. Uvumi hautoi nafasi hiyo. Ukiujaribu, unaambiwa nawe ni mmoja wao. Lakini, na hapa ndipo ninapojilaumu, jioni ile ya kwanza sanduku langu halikutoa nafasi hiyo pia. Nilionyesha, nikataja jina la kutisha, nikafunga. Mbele ya watu wale nilikuwa sawa na mgeni aliyemimina unga kisimani akaondoka. Siwalaumu wahudumu wa afya, ambao wengi wao wameingia vijijini wakiwa wameshika roho zao mkononi. Nasema tu kwamba kuwa na haki hakumfanyi mtu aaminike.

Kuna deni la pili, nalo ni kipimo. Jicho huona kuna au hakuna, halioni kiasi gani. Nilipoonyesha nyuzi bila kutaja kiasi, nilisema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ilitosha kumwangusha mama mmoja biashara. Nusu ya pili ni hii. Mwili wa mtu mzima wenyewe, kwa sababu ya potasiamu iliyomo katika vyakula vyetu, hutoa mionzi zaidi ya mara 4,000 kila sekunde. Kwa wastani binadamu hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga, chakula na hewa anayovuta. Zile nyuzi nene za kifuko cha karabai ni za chembe zisizoweza kupenya karatasi wala kioo cha taa, na hewani husafiri sentimita chache tu. Hata hivyo sikumwambia shangazi kwamba hatari ni sifuri, kwa kuwa huo ungekuwa uongo wa upande wa pili. Kifuko kilichochomeka hugeuka majivu mepesi, na majivu hayo hayafai kuvutwa puani wala kuingia katika chakula. Nilimwambia hivyo, yeye akaamua mwenyewe: vifuko vikahamia kwenye mkebe mbali na unga, na akivibadilisha hufanya hivyo nje, mchana, kisha ananawa mikono.

Wapo watakaosema ningenyamaza kabisa. Kwa nini kuwasumbua watu waliokwisha kukimbia risasi kwa kitu kidogo kama thoriamu ya karabai? Hoja hii ina huruma ndani yake, lakini siikubali, kwa sababu kunyamaziwa tumekwisha kukuona. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Matumizi ya mawe yale yalikuwa siri ya vita, na Mwafrika aliyeyachimba hakuwa miongoni mwa walioambiwa siri hiyo. Kwetu Palma pia, tangu gesi nyingi igunduliwe chini ya bahari mwaka 2010, tumezoea kuona wataalamu wakija na vyombo vyao, wakitazama vitu ambavyo sisi hatuvioni, na kuondoka na majibu. Asiyejua hawezi kuuliza. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na anayekuacha gizani kwa kukuhurumia bado amekuacha gizani.

Wengine watasema kwamba haiwezekani kila mtu ajaribu kila jambo, na kwamba hatimaye lazima tuwaamini wanaojua. Hoja hii ni nzito, nami naikubali sehemu kubwa. Ile milisivati 2.4 sijaipima mimi, nimeiamini. Lakini najua kwa nini naiamini: kwa sababu katika sehemu ndogo niliyoweza kuijaribu kwa mikono yangu, vibamba vya friji na spiriti vilisema yale yale yaliyosemwa na vitabu. Imani kwa wataalamu hukua kama mkopo dukani. Mwenye duka hukukopesha mfuko mzima wa unga kwa kuwa uliwahi kulipa kibaba. Watu wa vijijini mara nyingi wameombwa wakopeshe mfuko mzima bila kuwahi kulipwa hata kibaba. Ndiyo sababu naona thamani ya kifaa cha kuundwa nyumbani. Hakipimi vizuri kama vyombo vya maabara, lakini kinaweza kufunguliwa mbele ya mwenye shaka, na kila kilichomo ndani anakijua: kioo, kitambaa, betri, barafu ya samaki.

Kwa kuhitimisha, jibu langu ni kwamba kuonyesha hakutoshi. Anayekifanya kisichoonekana kionekane anabaki na deni kwa waliotazama: awape kipimo cha alichowaonyesha, na awape nafasi ya kumjaribu, hata kama kujaribiwa kutamuaibisha. Akiondoka kabla ya kulipa, hofu inayobaki nyuma yake ni yake pia.

Wateja wa shangazi walirudi, ingawa si wote. Wachache hadi naondoka walikuwa wakipita upande wa pili wa njia, na sidhani kwamba maelezo yangu yoyote yatawarudisha. Mauzo ya siku zile tano sikuwa na fedha za kumlipa. Nilimwachia mjomba sanduku pamoja na betri, na yule kijana mbishi ndiye anayeliwasha sasa. Juzi wamenitumia ujumbe kwamba kibamba kimoja kimeungua, wanatafuta friji nyingine mbovu.